Figo haichagui uchafu: barua zenu na majibu yangu

Katika toleo lililopita niligusia kwa mistari michache kwamba mkojo huanzia kwenye mishipa ya damu midogo mno, iitwayo kapilari, isiyoonekana kwa macho. Sikutegemea mistari ile ingeleta barua nyingi hivi. Nimechagua tano. Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza: nilifanya kazi katika maabara ya hospitali kwa miaka 31, muda mwingi nikiwa kwenye meza ya vipimo vya mkojo, kisha nikafundisha wanaoanza kazi hiyo. Mimi si daktari, kwa hiyo sitamwandikia mtu dawa. Lakini chujio la figo nalipenda, na nitalieleza kadiri nilivyojaliwa.

"Shikamoo Mwalimu. Darasani tumeambiwa figo huchuja uchafu kutoka kwenye damu. Nikauliza: figo inajuaje kipi ni uchafu? Nikaambiwa nisome, nitaelewa. Nimesoma, sijaelewa. Halafu kama chujio lina matundu, mbona damu yenyewe haivuji?" – Mwanafunzi

Marahaba, mwanangu. Swali lako la kwanza ni zito na jibu lake ni fupi: figo haijui. Maneno haya "kuchuja uchafu" ndiyo yanayowapoteza wanafunzi, kwa sababu mtu huanza kufikiria mlinzi amesimama mlangoni, anakagua kila anayepita na kumtoa nje mhalifu. Pale mlangoni hakuna ukaguzi wa namna hiyo. Chochote chenye umbo dogo la kupenya, hupenya. Maji hupita. Chumvi hupita. Sukari ya damu, ambayo mwili unaihitaji kila dakika, hupita bega kwa bega na urea ambayo mwili hauna kazi nayo.

Uamuzi unafanyika mbele, kwenye mrija mrefu unaoanzia hapo kwenye chujio. Huko seli za mrija huiokota sukari, zikaokota karibu chumvi yote na maji mengi mno, na kuvirudisha kwenye damu. Uchafu ni kile kilichoachwa bila kuokotwa. Ni kama mtu anayepanga kabati: hapekui takataka moja moja kizani, anamwaga vyote sakafuni kisha anarudisha anachokitaka.

Utasema ni kazi ya hasara. Hebu tupige hesabu. Mtu mzima mwenye afya huchuja kiasi cha mililita 125 kwa dakika, sawa na lita 180 kwa siku. Plazima, yaani yale majimaji ya damu ukiondoa chembe zake, ni lita 3 hivi tu mwili mzima. Maana yake ni kwamba kiasi sawa na plazima yako yote kinachujwa mara 60 kati ya sasa hivi na kesho saa kama hii. Na unachokiona chooni ni lita moja na nusu hivi. Nilipokuwa nafundisha, nilikuwa nikifika hapa nanyamaza kidogo ili darasa liipige hesabu hiyo lenyewe.

Lakini tazama faida yake. Figo ingekuwa inachagua uchafu kwa kuutambua, ingehitaji kuujua kila uchafu duniani. Kesho ukimeza kidonge ambacho babu zako hawakuwahi kukiona, nani angekitambulisha kwa figo? Kwa njia hii ya kumwaga na kuokota, kitu kigeni chenye umbo dogo hutoka bila kuhitaji kutambuliwa. Kinachohitaji kujulikana ni vitu vyetu wenyewe, na hivyo mwili unavijua.

Na haya hayakuanza kama maneno ya kukisia tu. Marcello Malpighi, Mwitaliano, aliviona vishada vya mishipa hii kwa hadubini yake mwaka 1666, vikining'inia kama matunda mtini, baada ya kujaza rangi kwenye ateri ya figo. Kishada kimoja kina upana wa sehemu ya tano hivi ya milimita, na kila figo ina takriban milioni moja. Mwaka 1842 William Bowman wa Uingereza akaonyesha kwamba kile kikombe kinachokizunguka kishada ndicho mwanzo wa mrija. Ila ushahidi ninaoupenda mimi ni wa mwaka 1924. Wamarekani wawili, Joseph Wearn na Alfred Newton Richards, walichukua chura, wakachoma kikombe cha kishada kimoja kwa kijibomba cha kioo chembamba kuliko unywele, wakavuta majimaji yaliyomo kabla hayajafika kwenye mrija. Majimaji yale hayakuwa na protini. Lakini yalikuwa na sukari na chumvi, hata pale ambapo mkojo uliokuwa kwenye kibofu cha chura yuleyule haukuwa navyo. Soma tena hapo, mwanangu. Vilipita kwenye chujio, vikaokotwa njiani. Swali lako lilijibiwa ndani ya chura.

Sasa matundu. Ukuta wa kishada una tabaka tatu. La kwanza ni seli za kapilari yenyewe, zilizotobolewa vitundu vyenye upana wa nanomita 70 hadi 100 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita zaidi ya 7,000. Ukikuza kitundu hicho kiwe na upana wa sentimita moja, chembe nyekundu itakuwa pana kama meza. Ndiyo maana damu haimwagiki.

Ila ziko protini, na hasa albumini. Hii ina urefu wa nanomita 7 au 8 tu, hivyo kwenye kitundu cha kwanza ingeingia bila hata kuinama. Inayoizuia ni tabaka la pili, utando wa msingi, ambao ni mkeka wa nyuzi za kolajeni zilizofumwa kwa kubanana, pamoja na tabaka la tatu, seli ziitwazo podositi. Podositi zina vidole. Fumbata viganja vyako viwili hivi sasa, vidole vya mkono mmoja vikipita kati ya vidole vya mwingine. Ndivyo vidole vya podositi jirani vinavyopishana juu ya kapilari, na kwenye kila mwanya ulio kati ya kidole na kidole kuna wavu mwembamba uliosukwa kwa protini iitwayo nefrini. Nefrini ilijulikana mwaka 1998, kutokana na watoto wa Ufini waliokuwa wakizaliwa figo zao zikivuja albumini tangu wakiwa tumboni. Walikosa uzi mmoja tu wa wavu huo.

Tena ukuta huu umejaa chaji hasi, na albumini nayo ina chaji hasi, hivyo hufukuzana kama sumaku mbili zilizoelekezwa ncha zinazofanana. Umbo na chaji husaidiana. Maji yanapita kwa mafuriko, albumini inabaki karibu yote.

"Mwalimu, nina presha ya kupanda. Nimesoma kuwa figo huchuja kwa kusukumwa na presha ya damu. Kwa mantiki hiyo, je, presha yangu ikiwa juu si figo zitachuja vizuri zaidi? Mbona daktari ananihimiza nishushe?" – Baba wa makamo

Ndugu yangu, mantiki yako ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayokutakia heri.

Ni kweli kinachosukuma ni presha. Kishada cha figo hakifanani na kapilari za kwingineko mwilini, kwa sababu kina ateri ndogo mlango wa kuingilia na ateri nyingine ndogo mlango wa kutokea. Chukua mpira wa maji wenye vitundu ubavuni. Maji yakienda huru, vitundu vinatiririsha tu. Bana ncha ya mpira kwa kidole gumba, na vitundu vyote vinaanza kurusha. Ateri ya kutokea ndiyo kidole gumba. Kwa kubana kwake, presha ndani ya kishada hufika kama milimita 55 za zebaki na hushuka kidogo sana hadi mwisho, wakati kapilari za kawaida huanza na 35 hivi na kumalizia na 15.

Lakini 55 hizo haziachiwi zote. Majimaji yaliyokwisha kuchujwa, yakiwa ndani ya kikombe, hurudisha msukumo wa 15 hivi. Na protini zilizobaki ndani ya damu huvuta maji yasiondoke, kwa nguvu ya 30 hivi. Toa 15, toa 30, mkononi unabaki na 10. Zile lita 180 zote za siku zinasukumwa na tofauti ya milimita 10. Naikumbuka siku nilipoielewa hesabu hii. Nilirudia kutoa kwa kalamu mara tatu nikidhani nimekosea.

Kwa kuwa kinachobaki ni kidogo hivyo, figo haikubali kuyumbishwa na kila mpando wa presha. Presha ikipanda, ateri ya kuingilia hujikaza, ikishuka, hulegea. Kwa mtu mwenye afya, wastani wa presha ukicheza kati ya 80 na 170 hivi, uchujaji hubaki karibu palepale. Kwa hiyo, ndugu yangu, presha yako ya juu haikuongezei usafi wowote wa damu. Inachofanya ni kuichosha ile ateri ya kuingilia. Kuta zake hunenepa, njia inakuwa nyembamba, vishada vilivyo nyuma yake vinakosa damu na kusinyaa. Na kwa wengine, hasa wenye kisukari, mlango wa kuingilia hulegea, presha ikaingia ndani ya kishada bila kuzuiwa. Hapo podositi zinavutwa, zinabanduka, na kutoka na mkojo. Podositi iliyobanduka haipati mrithi kirahisi. Seli hizi kwa kawaida hazigawanyiki tena kama seli za ngozi.

Ndiyo maana baadhi ya dawa za presha, zile zenye majina yanayoishia na "prili" au "satani", hupendwa sana kwa wagonjwa ambao figo zao zinavuja. Zinalegeza mlango wa kutokea, kile kidole gumba, na kishada kinapumua. Uchujaji unaweza kupungua kidogo mwanzoni, na daktari huagiza damu ipimwe tena baada ya wiki moja au mbili kwa sababu hiyo. Usiogope kipimo hicho wala usikiruke.

Neno moja la pembeni, na naomba ulishike: dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huubana mlango wa kuingilia. Ukiwa na dawa inayolegeza kutokea, ukaongeza inayobana kuingilia, na mwili umekauka maji kwa kuharisha au kutapika, ile 10 inaweza kuisha kabisa. Kabla ya kumeza dawa ya mgongo, muulize anayekutibu.

"Mkojo wangu una povu linalokaa. Nimepimwa, nikaambiwa protini inavuja, lakini kreatinini ya damu ni ya kawaida kabisa. Mwalimu, chujio linawezaje kuwa bovu na kipimo cha figo kikawa kizuri?" – Mama mwenye kisukari

Mama yangu, vipimo hivyo viwili vinauliza maswali tofauti. Kreatinini, taka itokayo kwenye misuli, inauliza: je, vitu vidogo vinatoka kwa wingi wa kutosha? Kipimo cha protini kinauliza: je, vikubwa vinabaki ndani? Chujio lililoanza kulegea linaweza kujibu ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la pili. Tena mwanzoni mwa kisukari baadhi ya watu huchuja kwa wingi kuliko kawaida, na kreatinini yao inapendeza machoni. Uchujaji unaweza kupungua hadi karibu na nusu kabla kreatinini haijavuka mstari wa kawaida kwenye karatasi ya majibu.

Kwa hiyo kinachotangulia kulalamika mara nyingi ni albumini. Kawaida ni chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini iliyo kwenye mkojo huohuo. Kati ya 30 na 300, mvujo ni mdogo lakini upo. Juu ya 300, ni mkubwa. Povu lenyewe si hukumu, maana hata mkojo unaotoka kwa kasi hutoa povu. Vilevile homa, au mazoezi mazito siku moja kabla, vinaweza kuleta protini ya kupita. Ndiyo maana kipimo hurudiwa siku nyingine, tena vizuri zaidi kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Nikueleze nilivyokuwa nikiiona. Kijiti cha kupimia kina kipande cha rangi ya manjano. Unakichovya, unakikung'uta ukingoni mwa chupa, unahesabu sekunde. Mkojo safi unakiacha manjano. Wenye albumini unakigeuza kijani, kwanza kijani cha jani changa, na kadiri protini inavyozidi kinaelekea samawati. Zamani, kabla vijiti havijaenea kwetu, tulichemsha mkojo kwenye neli ya kioo. Ulishika chini, ukapasha sehemu ya juu tu kwenye moto. Kama protini ipo, sehemu iliyopata moto ilifanya wingu jeupe huku ya chini ikibaki angavu, ukadondosha tone la asidi asetiki, na wingu halikuondoka. Wingu lile ni protini iliyoganda kwa moto, kama ute wa yai unavyoganda. Nimeliona mara nyingi na kila mara moyo wangu ulishuka.

Mara moja ulishuka kwa namna ambayo sijaisahau. Kijana alikuja kupimwa afya ili aanze kazi. Kijiti chake kikawa kijani. Nikaandika "protini ++" kwenye fomu, fomu ikaenda kwenye ofisi iliyomtuma, nayo ikapiga muhuri kwamba anafaa. Hakuna aliyemwita. Mimi pia nilimwona akiondoka, na sikumwambia, kwa kuwa nilijiona kazi yangu ni kuandika. Miaka michache baadaye nikaliona jina lake kwenye fomu nyingine, safari hii ya kreatinini, na namba ilikuwa imekwisha kuruka mbali. Tangu hapo kila aliyekuwa na protini nilimfuata mwenyewe benchini, nikamwambia kwa sauti: rudi kwa daktari, usiondoke na karatasi hii mfukoni. Wewe mama umeambiwa mapema. Kreatinini yako nzuri si sababu ya kungoja. Ni nafasi uliyopewa. Mwulize daktari wako kuhusu sukari, presha, na zile dawa nilizomtajia mzee hapo juu.

"Nikinywa maji mengi, nasafisha figo?" – Msomaji

Kwa mtu mwenye afya, kiasi kinachochujwa kwenye vishada hakibadiliki sana ukiongeza maji. Kinachobadilika ni maji yanayookotwa njiani. Ukinywa zaidi, homoni ya vasopresini inapungua, mwisho wa mrija unaacha maji yapite, na mkojo unakuwa mwingi na mweupe. Kunywa ukiwa na kiu, zidisha kwenye joto, na kama uliwahi kuwa na mawe ya figo, daktari atakutaka unywe zaidi. Mwenye figo au moyo uliochoka afuate kipimo alichopewa, maana kwake maji ya ziada yanaweza kukosa pa kutokea.

"Mume wangu ameanza kusafishwa damu kwa mashine. Je, ule mtungi wa plastiki una kapilari kama za figo?" – Mke wake

Dada, pole, na asante kwa kutaka kuelewa. Ndani ya mtungi ule kuna maelfu ya mirija myembamba kama nywele, na damu ya mumeo inapita ndani yake. Kuta zake zina vitundu: urea na kreatinini hupita, chembe za damu na albumini hubaki. Wazo hili ni la zamani kidogo. Mwaka 1943, vita vikiendelea, daktari Willem Kolff wa Uholanzi alizungushia mrija wa selofani kwenye pipa la mbao lililokuwa likizunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Mwaka 1945 mama mmoja aliyekuwa amezimia aliamka, na aliishi.

Ila mtungi una chujio tu. Hauna ule mrija wa kuokota. Ungechuja kama kishada kinavyochuja, mumeo angepoteza chumvi na sukari yake yote na hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo mashine hutumia ujanja mwingine. Nje ya ile mirija hupitishwa maji yaliyochanganywa kwa kipimo, yenye sodiamu kwa kiwango kilekile kinachotakiwa kwenye damu, potasiamu kidogo, na urea hakuna kabisa. Kitu hutoka pale kilipo kingi kwenda kilipo kichache. Urea inatoka kwa sababu upande wa pili haipo. Sodiamu inatulia kwa sababu pande zote ziko sawa. Siku ukimsindikiza, mwombe muuguzi akuonyeshe yale madumu mawili yaliyo mbele ya mashine. Humo ndimo unamotoka mchanganyiko mzito ambao mashine huuzimua kwa maji safi, na kilichomo ndani yake ndicho kinachofanya kazi ya mirija ya figo za mumeo kwa saa zote anazokaa kwenye mashine.